Nilivyofungiwa koti la baridi pale Mwanga, Kigoma: mara mbili, pesa mbili

Wifi yangu ni muuguzi. Mwezi wa sita alipata barua ya uhamisho, kutoka hapa Kigoma kwenda Njombe. Mtu wa joto la ziwani, analala na feni mwaka mzima, anapelekwa kule ambako Juni na Julai watu wanaota moto ndani ya nyumba. Mimi na mume wangu tukaona zawadi ya kumuaga iwe koti. Koti la baridi lenyewe, lenye kofia na manyoya ndani. Nililipata mtumbani, sokoni Mwanga, zipu nzima, bei ya kutupa, maana Kigoma nani atanunua koti la manyoya? Muuzaji alinifungashia haraka kama anayeogopa nitabadili mawazo. Nikaongeza na masweta mawili ya wanawe.

Nikalifua. Likakauka siku mbili, likatoka limeumuka kama andazi.

Kulifunga nilianza kujaribu mwenyewe nyumbani. Zile karatasi za zawadi za kawaida ni sentimita 50 kwa 70, kwa hiyo moja haitoshi hata mgongo wa koti. Nikaunga mbili kwa selotepu. Nikibana huku, kule linafumuka. Mwanangu wa miaka sita akachungulia akauliza, "Mama, humo kuna kuku?" Nikaacha.

Nikalipeleka kwenye duka moja la kadi na zawadi, jina silitaji. Dada wa pale aliniambia shilingi 3,000, nikatoa. Kosa lake nililiona kwa macho yangu na sikulielewa wakati ule: alilitandaza koti juu ya karatasi kama lilivyotoka kwenye mfuko wangu, akalifunika, akapiga selotepu kila mahali, akaweka utepe mara mbili na ua jekundu juu. Pale kaunta lilipendeza. Nikapanda bodaboda, nikalipakata. Hadi nafika nyumbani karatasi imechanika pembe mbili, mkono mmoja wa koti umetoka nje unapungia watu. Lilikaa kama mtoto aliyefungwa mbeleko na mtu asiyejua.

Nilirudi kulalamika. Jibu: "Dada, koti lako ndiyo kubwa." Sikugombana naye. Koti langu ni kubwa kweli, na ndiyo sababu nililipeleka kwake.

Fundi cherehani wa mtaani kwetu ndiye aliyenielekeza kwa kijana mwenye meza mbele ya duka la fotokopi, hukohuko Mwanga. Huyu ndiye aliyenifanya niandike haya yote. Nimemkuta ana mkasi, rula ndefu ya mbao, na maboksi matupu yamerundikwa chini ya meza. Nikamweleza. Akalishika koti, akalibonyeza mara mbili tatu kama mtu anayechagua parachichi, akasema, "Mama, hili halina mifupa. Tulipe mifupa kwanza."

Dakika kumi za mwanzo hakugusa karatasi ya zawadi hata kidogo. Alifunga zipu, lakini akaacha wazi kama vidole vitatu pale shingoni. Nikamuuliza kwa nini. Akasema hewa lazima ipate pa kutokea. Kofia akaiingiza ndani ya koti. Mikono akaikunjia mgongoni, ikapishana. Halafu akachukua karatasi moja ya A4 kutoka dukani, akailaza juu ya koti, akawa anakunja pande zote mbili mpaka upana ukalingana na ile karatasi. Kisha akaanza kuviringisha kutoka kwenye pindo kwenda shingoni, amelilalia kwa mkono mzima kuanzia kiwiko, taratibu, na unasikia kabisa koti linapumua pale shingoni: fuuu. Alipofika mwisho akafunga zipu yote na kulikaza kwa vipande viwili vya mabaki ya kitenge. Koti lililokuwa linajaza kochi langu likawa kama mto wa mtoto.

Hapo ndipo nikaelewa ile 3,000 ilipotea wapi. Manyoya yamejaa hewa. Ukiyakandamiza hewa inatoka, ukiachia inarudi. Yule dada alikuwa anaiambia karatasi iyazuie manyoya, na karatasi haina nguvu hiyo. Anayezuia ni kamba ya ndani. Karatasi ni nguo tu ya juu.

Maboksi ya chini ya meza ni yale ya rimu za A4, yanayoingia rimu tano. Kile kipimo cha A4 hakikuwa mbwembwe: koti lililokunjwa kwa upana wa karatasi linaingia kwenye boksi la karatasi. Likaingia, likabana kidogo, likatulia. Na boksi hilo lina mfuniko wa kuinua, kwa hiyo boksi alilivalisha karatasi peke yake na mfuniko peke yake. Mpokeaji hachani kitu, anainua tu. Pembe zilinyooka kiasi kwamba nilizipitishia kidole.

Masweta hayakuhitaji boksi. Alikata kipande cha kadibodi, akakunjia sweta juu yake kama mashati mapya yanavyokuja dukani, la pili vilevile, akayapa mgongo, karatasi moja ikatosha yote mawili.

Wakati anafanya hayo mama mkwe akapiga simu: na yeye ana shali yake ya kutia humo, na anataka ifungwe kwa khanga. Hapa nilipata kazi. Khanga ina jina, jamani. Unamfungia mtu zawadi ya kumuaga, anafungua anasoma maneno, safari nzima anajiuliza alikuwa analengwa yeye au nani. Nikamwambia mama kitenge hakisemi kitu, tuchukue kitenge. Akacheka, akakubali. Na huku kwetu, vitenge vinavyoingia kutoka Kongo na Burundi, yadi mbili si habari ya kuumiza kichwa. Shali ililazwa katikati, kitenge kimekaa kwa pembe, pembe mbili zikafunika, mbili zikafungwa fundo juu. Selotepu hakuna. Kwa kitu laini kisicho kinene sana naona hii inashinda karatasi, maana kitenge kinafuata umbo na hakichaniki, halafu mtu anabaki na kitenge. Ile mifuko laini ya nguo tuliyohamia baada ya rambo kupigwa marufuku Juni 2019 inabeba sawa, ila zawadi ndani yake inakaa kama umetoka nayo sokoni.

Nililipa 5,000 kwa koti na masweta, boksi bure. Kitenge nilinunua mwenyewe.

Sasa lawama. Ilichukua saa moja na nusu, kwa sababu kila mteja wa fotokopi akija naye anasimama kusaidia. Karatasi alizonazo ni za kung'aa tupu, nikaishia na zambarau ambayo nisingeichagua kwa hiari yangu. Na utepe wa masweta aliukaza mno. Tulipofungua, sweta la mdogo lilikuwa na mstari kifuani kama limepigwa mkanda. Uliondoka baada ya kuning'inizwa usiku mmoja, lakini kitu cha kufumwa hakikazwi hivyo, na mtu anayejua habari za hewa na zipu alipaswa kulijua na hilo. Nyota nne kati ya tano. Ukienda, nenda asubuhi, na karatasi yako mkononi.

Tulimuaga wifi Ujiji, kwa mama mkwe, jioni ya Jumamosi. Alipoinua mfuniko na kufungua vile vipande viwili vya kitenge, koti lilijiinua lenyewe polepole, likavuka ukingo wa boksi, watoto wakapiga kelele kama wameona paka. Alilivaa palepale na joto lote lile, jasho linamtiririka, akakataa kulivua mpaka picha zimepigwa.

Treni aliyopanda ilikuwa ya Alhamisi. Lile boksi la zambarau lilisafiri limejaa dagaa, kilo tatu, limekazwa kwa vipande vilevile vya kitenge. Koti alilibeba mkononi, mbali na dagaa.