Wanyama wa udongo wa Staffordshire: mtindo wa Ralph Wood au mbwa wa enzi ya Victoria?

Kati ya sanamu hizi kutoka Staffordshire, eneo la ufinyanzi Uingereza, mbwa wa enzi ya Malkia Victoria (karne ya 19) wanashinda kwa bei. Walifinyangwa kwa wingi kwenye kalibu na kuuzwa wawiliwawili kupamba rafu ya juu ya meko; hadi leo si vigumu kuwapata Uingereza. Simba au kondoo wa mtindo wa Ralph Wood, mfinyanzi wa mji wa Burslem aliyefariki 1772, ni wachache na ghali.

Shida ya mbwa ni kuigwa mno. Mgeuze umtazame chini: tundu kubwa mara nyingi huashiria nakala ya kumiminwa, yaani iliyotengenezwa kwa udongo wa majimaji; wa kale huwa na kitundu kidogo tu. Rangi ya dhahabu inayometameta kupita kiasi nayo ikutie shaka. Nyufa nyembamba za juu? Usizitegemee, watu huzitengeneza makusudi. Ralph Wood naye ameigwa, na hapo kosa hugharimu zaidi.

Kwa utunzaji, rangi za Wood zimo ndani ya king'arishi chenyewe (tabaka la kioo linalofunika udongo), hazibanduki ovyo. Dhahabu ya mbwa hufutika ukisugua.

Mwenye bajeti ndogo aanze na jozi ya mbwa, hata waliochubuka. Anayetaka kipande kimoja cha maisha aweke akiba, kisha atafute muuzaji anayetoa risiti yenye maelezo.