Uzoefu wangu na wapuliza dawa ya mbu: moshi mwingi, majibu ya hovyo

Naandika nikiwa bado nimefura, kwa hiyo anayetaka maoni yaliyopoa asome ya wengine. Kampuni yenyewe siitaji. Nazungumzia huduma ya kupuliza dawa ya mbu nyumbani, ile ya fundi kuja na mashine inayonguruma, nyumba ikajaa moshi, nanyi mkaamriwa mkae nje mpaka utulie.

Niliwaita kwa sababu mpwa wangu alikuwa ndiyo kwanza anainuka kitandani baada ya dengi, na mama yake naye akaanza kuchemka mwili. Daktari alitueleza kwamba virusi vya dengi viko vya aina 4. Ukishapona aina moja, nyingine bado zinaweza kukupata, na ya mara ya pili huenda ikawa kali kuliko ya kwanza. Akasema pia kwamba mgonjwa akiwa na homa, mbu akimng'ata anaondoka na virusi vile na baadaye anaweza kumpelekea mwingine humohumo ndani. Basi sikuwa nimemwita fundi kwa sababu ya kero ya kujikuna. Nilikuwa na hofu.

Alifika kwa wakati, hilo simnyimi. Kabla hajawasha mashine nikamwomba apande kidogo atazame tangi la maji nyuma ya nyumba, maana kifuniko chake kimepasuka, kisha apitie na gata la paa. Akaniangalia kuanzia juu hadi chini, akasema: "Dada, mimi nimeitwa kuua mbu, si kukagua vyombo."

Si kukagua vyombo! Sasa huyo mbu anazaliwa wapi, mawinguni? Aedes aegypti, mbu wa dengi, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, hahitaji dimbwi wala mtaro unaonuka. Anataka maji yaliyotulia ndani ya chombo: tangi lisilofunikwa sawasawa, kisahani cha chini ya chungu cha maua, tairi kuukuu, hata kizibo cha chupa. Jike hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo huweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa yakisubiri maji yapande. Penye joto, safari ya kutoka yai hadi mbu arukaye huchukua wiki moja hivi, au siku 10. Moshi unamuua mbu aliyepo wakati moshi unapita, basi. Kiluwiluwi aliye ndani ya maji haumhusu. Anayepuliza bila kutazama vyombo anakuuzia wiki moja ya amani na kukuachia kizazi kijacho nyuma ya nyumba.

Nikajaribu kuwa mstaarabu. Nikamuuliza, kaka, dawa yenyewe ni ipi? "Siri ya kampuni." Dawa inayoingia chumba anacholala mtoto anayetoka kuugua, eti siri. Wala sikuuliza kwa umbeya. Dawa nyingi za kazi hii ni za jamii ya pareto iliyotengenezwa kiwandani, na mbu wa sehemu nyingi duniani wameshajenga usugu dhidi yake. Hata vyandarua vilibidi vibadilike kwa sababu hiyohiyo: mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikubali vile vilivyoongezewa PBO, kitu kinachopunguza nguvu ya mbu sugu, na mwaka 2023 likapendekeza vyenye klorfenapiri, dawa nyingine ya kuua mbu, juu ya ile ya kawaida. Watu wazito wameumiza vichwa miaka yote hiyo kuhusu dawa gani inaua na ipi imezoeleka, halafu mimi mwenye nyumba nisijue hata jina la ninachovuta puani?

Na yeye mwenyewe hakuwa na barakoa ya kazi. Alikuwa amejifunga kitambaa tu. Hapo nililegea kidogo, nikasema moyoni, mtu ambaye mwajiri wake hajampa kinga huenda hajampa mafunzo pia. Huruma hiyo haikufika mbali. Dada yangu alipomuuliza kama ni salama mtoto alale mchana bila chandarua, akacheka. "Mbu wa homa hang'ati mchana." Yule wa malaria, Anopheles, ndiye wa usiku. Aedes hung'ata mchana, hasa asubuhi na jioni kabla giza halijaingia. Hilo lipo hata kwenye mabango ya zahanati! Mtu anayejiita mtaalamu wa mbu amewachanganya mbu wawili ambao kila mmoja ana saa zake, ugonjwa wake na mahali pake pa kutagia. Na alikuwa anacheka.

Nyota moja, basi. Ingekuwapo nusu ningeitoa nusu.

Ingawa, nisiwe mdhalimu, mende walikufa. Wote, hata wale wa nyuma ya jiko ambao tulishawahesabu kama wapangaji. Usiku wa kwanza tulilala bila kusikia mlio wowote sikioni, nami nikaanza kujiuliza kama hasira yangu ilikuwa kubwa kuliko kosa. Nikapandisha hadi nyota mbili. Kabla hata wiki haijatimia, mbu wa madoadoa wakarudi, tena mchana kweupe, wakimzunguka mgonjwa miguuni.

Nikapiga simu ofisini, sikupiga kwa upole. Hapa ndipo hadithi inaponivuruga, kwa sababu safari hii walimtuma binti mmoja ambaye naweza kumwandikia barua ya pongezi. Hakuja na mashine ya moshi kabisa. Alikuja na tochi, brashi na ngazi. Alipanda kwenye tangi akaniita nitazame: viluwiluwi wamejaa, wanapanda na kushuka kama wako sokoni. Akashuka akaenda moja kwa moja nyuma ya friji, akavuta ile trei inayokusanya maji, na humo pia walikuwamo. Nani huwaza trei ya friji? Akasema kumwaga maji peke yake hakutoshi, lazima kuta za chombo zisuguliwe ili mayai yatoke, na kazi hiyo irudiwe kila wiki. Tangini akatia Bti, bakteria inayoua viluwiluwi na isiyodhuru watu ikitumiwa kwa kipimo chake, kisha akafunika pale palipopasuka kwa wavu. Jina la dawa alinitajia kabla sijauliza. Chandarua akasema tusikiache: usiku kwa ajili ya malaria, na mchana kwa yeyote mwenye homa, ili mbu asipate pa kuchota virusi.

Nyota tano. Kwa binti, si kwa kampuni. Tangu hapo mbu wa madoadoa ni wa kutafuta.

Nikataka kuishia hapo kwa amani. Kisha ikaja ankara. Wamenidai "ada ya ukaguzi wa mazalia", huduma ya ziada, tofauti na upulizaji! Yaani kazi iliyofanya kazi ndiyo ya ziada, na moshi ule usiowafanya lolote viluwiluwi ndiyo huduma yenyewe. Nilipouliza, sauti ya upande wa pili ikaniambia wateja wengi huridhika na moshi kwa sababu wanauona. Sina shaka kwamba ni kweli, na ndicho kinachonichoma.

Kwa hiyo sijui niwape nini. Mbili? Tatu? Ukiwaita, mwombe yule wa tochi na ngazi, na mwambie mapema kwamba hutaki moshi mpaka vyombo vyote vimefunuliwa. Wakikuletea mwenye mashine peke yake, mrudishe getini. Ankara yao ya pili ninayo, sijailipa, na nimewaandikia kwamba nitalipa siku watakayonirudishia ya kwanza.