Kipimo cha CEA katika maabara binafsi ya Dar es Salaam: maoni baada ya majibu matano

Tangu mama yangu alipogundulika kuwa na saratani ya utumbo mpana, tumepima CEA, protini ya damu inayotumika kufuatilia saratani hiyo, mara nne katika maabara moja binafsi ya hapa Dar es Salaam, na mara moja tukapima kwingine, kosa ambalo nitalieleza. Maabara hizo sizitaji, kwa kuwa ninachotaka kukitathmini ni huduma yenyewe: mgonjwa wa saratani ya utumbo hupata nini hasa anapolipia kichupa kile kimoja cha damu?

Mapokezi ni mazuri na mhudumu anayetoa damu ana mkono mwepesi, jambo ambalo mtu mwenye mishipa iliyochoshwa na tibakemikali hulithamini kuliko viti vya ngozi na kiyoyozi. Majibu hutoka kesho yake. Hapo sina la kulalamikia.

CEA ni protini iliyogunduliwa mwaka 1965 na Phil Gold na Samuel Freedman huko Montreal, Kanada. Saratani nyingi za utumbo, ingawa si zote, huimwaga katika damu, na maabara nyingi huhesabu kuwa kiwango kisichozidi nanogramu 5 kwa mililita ni cha kawaida. Kabla ya upasuaji mama alikuwa na 18.4, wiki ya sita baada ya upasuaji alikuwa na 2.9. Karatasi ya majibu haikuwa na neno lolote zaidi ya tarakimu hiyo, na ni daktari wa upasuaji aliyetueleza kwamba ushukaji huo ndio habari kubwa. Utafiti wa Konishi na wenzake, uliochapishwa mwaka 2018 na kuhusisha wagonjwa 1,027 wa saratani ya utumbo mpana, ulionyesha kwamba waliokuwa na CEA ya juu kabla ya upasuaji na ikashuka hadi kawaida baadaye waliishi miaka mitatu bila ugonjwa kurudi kwa asilimia 88 hivi, karibu sawa na wale ambao CEA yao haikuwahi kupanda, wakati waliobaki na CEA ya juu walikuwa kwenye asilimia 75. Kwa hiyo asiyepima kabla ya kisu amejinyima nusu ya maana ya kipimo, na ningetarajia maabara inayouza huduma hii imwambie mteja hivyo mapema.

Kosa letu lilikuwa la miezi michache baadaye. Foleni ilikuwa ndefu, tukavuka barabara na kupima maabara nyingine, tukapewa 5.6 yenye alama nyekundu pembeni. Usiku ule hakulala mtu nyumbani. Tuliporudi kwenye maabara ya kwanza baada ya wiki moja, jibu likawa 3.1. Mashine za kampuni mbalimbali hazisomi CEA kwa namna moja, na ndiyo maana mgonjwa anashauriwa afuatiliwe kwa mashine ileile. Lakini katika karatasi zote tano tulizonazo, hakuna hata moja iliyoandika damu imepimwa kwa mashine gani. Nililiuliza hili dirishani, nikajibiwa kwa adabu kwamba ni mambo ya ndani ya maabara. Sikubaliani.

Hata mashine ikiwa moja, mpaka wa 5 una upungufu wake. Mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikadiria kwamba mpaka huo hunasa takriban asilimia 71 ya saratani zilizorudi, na kwamba kati ya watu ambao ugonjwa haujarudi, asilimia 12 hivi huonekana wameupita bila sababu ya saratani. Uvutaji wa sigara huipandisha CEA, ugonjwa wa ini vilevile. Kutokana na hayo, tangazo lililobandikwa ukutani linalowaalika watu wazima wenye afya kupima CEA ili “kugundua saratani mapema” naliona ni biashara isiyo na msingi wa kitabibu. Kipimo hiki hakifai kumchunguza asiye na dalili, na tangazo hilo lingepaswa kuondolewa.

Jambo jingine ambalo halimgharimu mgonjwa chochote limo katika kipimo cha kawaida cha damu nzima, ambacho karibu kila mgonjwa anacho kwenye faili. Ukigawanya idadi ya nyutrofili kwa idadi ya limfosaiti, ambazo zote ni aina za seli nyeupe za damu, unapata uwiano ambao, ukiwa mkubwa, tafiti nyingi zimeuhusisha na maisha mafupi zaidi kwa wagonjwa wa saratani hii. Albumini, protini ya damu inayopimwa kando, ikishuka chini ya gramu 35 kwa lita nayo husomwa hivyohivyo. Uwiano huo wa seli hupandishwa pia na maambukizi ya kawaida, kwa hiyo usihesabiwe mtu akiwa na homa. Maabara ingeweza kuuandika chini ya majibu bila kuongeza hata tone la damu, na daktari angeusoma pamoja na CEA.

Ninaipa maabara hii nyota tatu kati ya tano. Ya nne nitaiongeza siku watakapoandika jina la mashine kwenye karatasi na kuyapanga majibu ya nyuma kando ya jibu jipya. Kwa sasa kazi hiyo naifanya mimi kwa kalamu, nyuma ya bahasha, kila baada ya miezi mitatu.