Uzoefu wangu na probu za joto la moshi kwenye injini ya Lycoming O-320

Nimeruka nazo vya kutosha sasa kuweza kuzisemea. Ni seti ya probu, yaani vihisi joto, kwa injini ya ndege yenye silinda nne: nne za joto la moshi (EGT) na nne za joto la vichwa vya silinda (CHT), zote themokapo (jozi ya nyaya za metali mbili inayotoa umeme kidogo ikipata joto) za aina ya K, zinazoungwa kwenye kipimo kimoja cha kidijitali kinachoonyesha silinda zote kwa pamoja. Kabla ya hapo ndege yangu ilikuwa na probu moja tu ya moshi kwenye silinda moja, na kwa hiyo moja nilikuwa naiamua injini nzima. Nilizifunga pamoja na fundi mwenye leseni, yeye ndiye aliyekagua kazi na kutia saini kwenye kitabu cha injini. Kwa ufupi: probu ni nzuri sana, maelekezo yaliyokuja nazo hayatoshi, na ufungaji ndio unaoamua kama fedha yako imekwenda mahali pake.

Maelekezo yanasema toboa bomba la ekzosi kati ya inchi 2 na 4 kutoka kwenye flanji ya silinda (bapa linaloliunga bomba na silinda), basi. Jambo kubwa zaidi limetajwa kwa kupita tu, nalo ni kwamba umbali utakaouchagua lazima uwe ule ule kwa silinda zote. Vali ya kutolea moshi hufunguka mara moja katika kila mizunguko miwili ya injini. Ncha ya probu hupigwa na moshi wa moto kwa kitambo kifupi, hupoa kidogo, kisha hupigwa tena. Kinachoonekana kwenye kioo ni wastani wa hayo yote, si joto halisi la moshi wakati unatoka. Probu moja ikikaa mbali zaidi na vali, au kwenye kona ya bomba, wastani wake unakuwa mwingine, nawe utaanza kuitafutia silinda ugonjwa ambao haina.

Sisi tulianza na silinda yenye nafasi finyu kuliko zote. Tulitafuta sehemu iliyonyooka, isiyo na uchomeleaji wala kiungio, ambapo probu haitagusa kava la injini wala waya za plagi. Umbali tulioupata pale ndio tukauhamishia kwenye mabomba matatu yaliyobaki. Ukianza na silinda yenye nafasi kubwa unaweza kutoboa matatu kwa raha, kisha la nne likakosa pa kukaa.

Alama usiiweke kwa penseli hata kidogo. Bomba likipata moto, kaboni ya penseli huingia kwenye chuma, na nyufa huanzia hapo hapo. Chaki inatosha. Fundi alitoboa kwanza kwa biti nyembamba, halafu kwa biti ya inchi 1/8, taratibu na bila kulegeza mkono, kwa sababu chuma kisichoshika kutu ukikisugua bila kukikata kinazidi kuwa kigumu na biti inaungua. Tupa ndogo ya mviringo ikaondoa makali ya ndani. Mabomba tulikuwa tumeyafungua na kuyaweka mezani, hivyo chembe za chuma zilitoka zote. Kuyatoboa yakiwa yamefungwa kwenye injini kunaokoa muda mfupi tu, na mimi nisingekubali chembe hizo ziwe karibu na vali zangu.

Klampu za seti hii ni imara na skrubu zake hazikwami. Ncha ya probu inakaa vizuri katikati ya bomba. Lakini mkanda hulegea kidogo baada ya kupata moto mara za kwanza, kwa hiyo tulifungua kava tena baada ya saa chache za kuruka tukaukaza, huku tukiangalia kama kuna doa la kijivu au jeupe kuzunguka tundu. Doa hilo ni moshi unaovuja. Moshi huo una monoksidi ya kaboni, na ukipata njia kupitia hita ya chumba utaingia mlimo rubani na abiria.

Nyaya ndizo zilizonifurahisha zaidi. Zimetengenezwa kwa aloi zile zile za probu, kromeli na alumeli, mpaka kwenye kipimo. Themokapo ya aina hii hutoa takriban maikrovolti 41 tu kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi, kwa hiyo hakuna nafasi ya uzembe. Ukiunga kipande cha waya wa shaba katikati, usomaji utaanza kufuata joto la ndani ya kava pamoja na lile la moshi. Angalia rangi pia: kwenye nyaya hizi njano ni chanya na nyekundu ni hasi, kinyume na alivyozoea fundi wa umeme wa kawaida.

Wakati fulani silinda ya tatu ilianza kurukaruka, mamia ya nyuzi kwa sekunde moja, jambo ambalo moshi hauwezi kulifanya. Tulibadilishana probu yake na ya jirani. Kurukaruka kukabaki pale pale kwenye silinda ya tatu, kwa hiyo probu haikuwa na kosa. Ilikuwa skrubu ya maungio iliyolegea. Ifanye hatua hii kabla ya kuagiza probu mpya.

Manung'uniko yangu makubwa ni upande wa CHT. Kwenye ndege yangu tundu la silinda moja tayari lina probu ya kiwandani, ambayo haitolewi kiholela kwa sababu kipimo kipya hakijaidhinishwa kuchukua nafasi yake. Kwa silinda hiyo seti inakupa probu yenye pete (washa) inayokaa chini ya plagi, na hiyo haisomi sawa na tatu zilizo kwenye matundu yake. Imenibidi niijue tabia yake na niilinganishe na historia yake yenyewe. Kikomo cha Lycoming kwa injini hii ni nyuzi 500 za Farenhaiti (260 za Selsiasi), nami huanza kuchukua hatua mapema zaidi.

Faida niliiona wazi wakati wa kukagua magneto, yaani mitambo miwili inayozipa plagi umeme wa cheche, kabla ya kuruka. Ukibaki na magneto moja, kila silinda inawashwa na plagi moja tu, mchanganyiko wa mafuta na hewa unaungua polepole, moshi unatoka ukiwa bado na joto jingi, na EGT zote hupanda. Siku moja nguzo tatu za EGT kwenye kioo zilipanda na ya nne ikaporomoka. Tulijua ni silinda ipi na ni plagi ipi kabla ya kushika spana. Tuliitoa, tukaikuta imejaa vipunje vya risasi, tukaisafisha, tukajaribu tena, na nguzo nne zikapanda pamoja. Bila probu hizi tungezifungua plagi zote nane.

Angani, ninapopunguza mafuta kwenye mchanganyiko, naona EGT ya kila silinda ikifika kilele kwa wakati wake, kwa kuwa kabureta haigawi mafuta sawasawa. Nikivuta kidogo hita ya kabureta, inayopasha hewa inayoingia, vilele husogeleana. Siangalii tena kama silinda moja inasoma nyuzi 1,380 za Farenhaiti na nyingine 1,420. Naangalia kila moja iko umbali gani kutoka kilele chake, na kama imebadilika tangu safari zilizopita.

Ningezinunua tena. Nikiagiza nitaongeza klampu za akiba na probu moja ya moshi, maana ncha zile huliwa na moto na siku moja itabidi ibadilishwe, na kabla ya kulipa nitamuuliza muuzaji kama ana adapta ya CHT inayokubali kukaa tundu moja na probu ya kiwandani.