Kupunguza uniti za LUKU kwa bajeti ndogo: kipi kinunuliwe kwanza

Umeme wa LUKU unapokwisha kabla ya wakati, lawama huangukia televisheni au taa iliyoachwa ikiwaka uani, ilhali walaji wakubwa wa umeme katika nyumba nyingi ni vifaa vinavyozalisha joto. Kwa sababu hiyo orodha hii haifuati mpangilio uliozoeleka wa kuanza na taa. Nimeupanga ununuzi kwa kuangalia jinsi fedha iliyotolewa dukani inavyorudi haraka, nikitumia bei ya shilingi 292 kwa uniti (yaani kilowati-saa moja) ambayo mteja wa TANESCO wa daraja la T1, la matumizi ya kawaida, hulipa kabla ya kodi na tozo. Aliye daraja la D1, la nyumba zenye matumizi madogo, hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi hapo, hivyo kwake yeye jambo la msingi ni kutovuka mpaka huo.

Nafasi ya kwanza naipa birika la umeme la lita mbili, kwa nyumba ambayo watu huoga kwa hita ya bafuni inayopasha maji papo hapo. Hita ya wati 4,500 ikitumika dakika kumi hula uniti 0.75, na watu wanne wakioga mara moja kwa siku hufikisha uniti 90 kwa mwezi, yaani zaidi ya shilingi 26,000. Birika likichemsha lita mbili za maji hutumia takribani uniti 0.2, na maji hayo yakichanganywa na lita nane za maji ya bomba hupatikana ndoo ya lita kumi yenye joto la karibu nyuzi 40, linalomtosha mtu mzima hata asubuhi ya Julai. Watu wale wale wanne watatumia uniti 24 hivi. Ndoo na kopo havina fahari ya bomba la mvua, nakubali, lakini sijaona kifaa kingine cha bei ndogo kinachookoa zaidi ya uniti 60 kwa mwezi. Chagua birika linalojizima lenyewe maji yakichemka, na lenye kitako kipana kinachokaa imara, hasa penye watoto.

Nafasi ya pili ni taa za LED, ila kwa sharti kwamba nyumba bado ina globu za zamani za waya. Globu nne za wati 60 zikiwaka saa tano kila usiku hutumia uniti 36 kwa mwezi, wakati LED nne za wati 9 zenye mwanga unaokaribiana nazo hutumia uniti 5.4 tu. Aliye na zile taa za mrija uliojipinda asizitupe, kwa kuwa tofauti yake na LED ni ndogo. Azibadilishe moja moja kadiri zinavyoungua. Dukani, omba taa iwashwe mbele yako, na usome lumeni kabla ya wati, kwani lumeni ndizo zinazoeleza kiasi cha mwanga.

Ya tatu ni sufuria ya presha ya umeme, na hii inamhusu zaidi anayepika maharage, makande au nyama ngumu kwa mkaa, kwa kuwa kwake inachookoa ni fedha ya mkaa, si uniti. Sufuria ya wati 1,000 haiwezi kutumia zaidi ya uniti moja kwa saa nzima, na kwa kweli hutumia pungufu, kwa sababu presha ikishafika hujizima na kujiwasha kwa vipindi vifupi. Linganisha na mkaa unaowaka jikoni saa mbili au tatu kwa chungu hicho hicho cha maharage. Kabla ya kulipa, uliza kama mpira wa mfuniko unauzwa peke yake, maana ndio unaochakaa mapema, na hakikisha soketi ya jikoni haipati moto. Chapati haipikiki humo, na ugali wa kusonga pia una jiko lake; kwa hiyo jiko banifu lenye kitako cha udongo libaki karibu, nalo likaguliwe ufa kwa kuligonga na kusikiliza kama linalia vizuri.

Friji nimeliweka nyuma kwa sababu ni ghali, si kwa sababu halina maana. Kwa friji ulilonalo, funga mlango ukiwa umebana karatasi kisha uivute: ikitoka bila kukwama, mpira wa mlango umelegea, na kubadilisha mpira ni nafuu kuliko kubadilisha friji. Anayenunua la mtumba kutoka Ulaya asome kibandiko, agawanye kwa 12 idadi ya uniti za mwaka iliyoandikwa, kisha atafute herufi ya hali ya hewa. Friji lenye herufi N limetengenezwa kwa chumba kisichozidi nyuzi 32. Lenye ST huvumilia hadi 38, na lenye T hadi 43. Kwa jiko la Dar es Salaam lenye bati lisilo na dari, N ni ya kuepukwa hata muuzaji akipunguza bei.

Kuna kimoja nisichokipa nafasi yoyote: kile kiboksi kinachochomekwa kwenye soketi kwa ahadi ya kupunguza matumizi ya nyumba nzima. Mita ya nyumbani huhesabu nishati inayotumiwa na vifaa vyenyewe, na kiboksi hicho hakimfanyi birika achemshe maji kwa umeme mdogo zaidi. Fedha yake inatosha kununulia LED za vyumba viwili.