Sabufa ya laki moja na themanini mbele ya spika za mjomba

Sabufa yangu niliinunua Kariakoo mwaka jana kwa 180,000. Ina boksi la besi, spika mbili ndogo za pembeni, bluetooth, sehemu ya flashi na rimoti. Spika za mjomba alikuja nazo kutoka Muscat alipomaliza mkataba. Ukiweka na amplifaya, zilimtoka zaidi ya milioni tatu kwa pesa ya kwetu. Aliposafiri kwenda Tanga aliniruhusu nikae kwake wiki mbili, nikabeba sabufa nikaenda kuzipambanisha sebuleni.

Nianze na wati, maana hapo ndipo wengi tunapoingizwa mjini. Kwenye katoni la sabufa yangu kumeandikwa kwa herufi kubwa PMPO 8,000W, yaani nguvu inayodaiwa ya kufumba na kufumbua. Geuza nyuma, kibandiko kilicho karibu na waya wa umeme kinasema 60W. Amini hicho cha nyuma, kwa sababu chombo hakiwezi kutoa mfululizo nguvu kuliko umeme kinaoula. Amplifaya ya mjomba imeandikwa wati 50 RMS (nguvu ya mfululizo) kila upande, basi.

Spika ikizidi mwenzake sauti kidogo tu, sikio linaipa ushindi. Kwa hiyo nilizisawazisha sauti kwa programu ya simu inayopima desibeli, nikatundika khanga mbele ya spika zote (nyepesi, haizuii sauti), na binamu yangu akawa anabadilisha bila kuniambia, nami nataja ni zipi zinazolia. Kwa nyimbo za bendi ya dansi ya Mlimani Park zilizorekodiwa Redio Tanzania nilipatia mara 10 kati ya 10. Kwa bongo fleva nilipatia 6, karibu sawa na kubahatisha.

Dansi inaumbua spika. Magitaa yanapishana, solo, rithimu, besi, na kwa mjomba kila moja lina mahali pake. Mpiga besi akishuka unasikia noti zikiteremka moja moja. Kwa sabufa yangu noti tatu zote zilitoa "ndu" ile ile. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi hutetema mara 41 kwa sekunde, na boksi dogo lenye tundu hunguruma zaidi kwenye noti ambayo limetegeshewa, noti za chini yake zinafifia. Spika za pembeni, koni (ile sehemu inayotetema) inchi tatu, nazo haziwezi kushuka hadi kukutana na boksi hilo. Katikati panabaki shimo, na sauti ya mwimbaji wa kiume inatumbukia humo. Anasikika kama anaimbia ndani ya ndoo.

Siku ya nne nililitoa boksi la besi kwenye kona ya ukuta, maana kona huikuza besi, nikalisogeza kama hatua moja. Nikapunguza kitufe cha besi kutoka mwisho hadi robo. Zile ndogo nikazipandisha juu ya stuli, usawa wa masikio, kwa kuwa sauti nyembamba husafiri kwa kunyooka. Sikutoa hata shilingi, lakini nilikaa nikasikiliza wimbo mzima bila kugusa rimoti. Lile shimo lilibaki, ila ngurumo ilikuwa imepungua sana.

Tofauti nyingine inajitokeza usiku, watoto wamelala. Ukipunguza sauti, sabufa yangu inabaki na mchakacho wa juu tu, wakati za mjomba muziki wote upo, umeshuka tu.

Niliporudi nyumbani nilitafuta mtumba: spika mbili za mbao, kila moja ina koni ya inchi tano na twita (kispika cha sauti nyembamba), pamoja na amplifaya ndogo, jumla 220,000. Nilienda dukani na wimbo ninaoujua, nikagonga boksi kwa kidole kusikia kama linalia kama debe, nikakagua mpira unaozunguka koni, maana kwenye mitumba huwa umeoza. Kwa dansi zinakaribia zaidi za mjomba kuliko sabufa yangu. Kwa sherehe ya uani hazitoshi, zinaanza kukwaruza mapema. Hapo bado tunaiazima ile sabufa, iko kwa dada.