Ruzuku ya pampu ya joto England na Wales: karatasi nyepesi, kazi iko kwenye redieta

Mwenye nyumba England au Wales ambaye boila yake ya gesi imeanza kuchoka, ruzuku ya kutazama kwanza ni Boiler Upgrade Scheme, mpango wa serikali wa kusaidia gharama za kubadilisha boila ya kupasha nyumba joto na kuweka pampu ya joto, mashine ya umeme inayovuta joto la nje na kulipeleka ndani. Ilianza 2022 ikitoa pauni 5,000 kwa pampu inayovuta joto la hewani. Tangu Oktoba 2023 ni pauni 7,500, ya hewani na ya ardhini sawasawa, na VAT ya ufungaji ni sifuri hadi 31 Machi 2027. Mpangaji hawezi kupewa; mwenye nyumba wake anaweza.

Kwa upande wa makaratasi hatuna malalamiko makubwa. Anayejaza ombi ni fundi mwenye cheti cha MCS (mpango unaothibitisha mafundi na mitambo ya nishati safi), si wewe. Ofgem, mdhibiti wa gesi na umeme, inakutumia baruapepe uthibitishe kwamba umekubali (ikichelewa, itafute kwenye kapu la barua taka), kisha vocha inatoka na ruzuku inakatwa moja kwa moja kwenye ankara. Vocha ya pampu ya hewani inadumu miezi 3, ya ardhini 6, kwa hiyo fundi mwenye foleni ndefu asiombe mapema. Boila ya zamani lazima iondoke kabisa: ukitaka kuibakiza isaidiane na pampu, ruzuku huna. Tangu Mei 2024 hulazimishwi tena kuhami dari na kuta kwanza. Fomu imepungua, baridi haijapungua.

Shida huanzia ndani ya nyumba. Boila hupeleka maji ya nyuzi 65 hadi 75 kwenye redieta, zile paneli za ukutani zinazopasha vyumba joto. Pampu hufanya kazi vizuri yakiwa 45 au chini. Redieta ambayo kibao chake kinasema wati 1,000 hupimwa ikiwa na joto la nyuzi 50 juu ya chumba. Maji yakiingia 45 na kutoka 40, chumba kikiwa 20, redieta hiyohiyo hutoa wati 350 hivi. Ndiyo maana fundi makini hupima joto linalopotea chumba kwa chumba: kuta, madirisha, sakafu, hewa inayopenya. Akikagua kwa dakika ishirini na kusema “kilowati 12 zitatosha”, mshukuru na umsindikize mlangoni. Mashine kubwa kupita nyumba huwaka na kuzima ovyo siku za Machi na Oktoba, hula umeme na kuchosha kompresa. Ikiwa ndogo, hita ya umeme ya akiba inaingia kazini na bili inapanda. Muulize pia kuhusu mabomba: yale membamba ya milimita 8 au 10 mara nyingi hayapitishi maji ya kutosha.

Wenye boila ya kombi, ile inayopasha maji ya bomba papo hapo bila tangi, tafuteni nafasi ya tangi la maji ya moto, kwa kawaida lita 150 hadi 250. Kabati la chini ya ngazi mara nyingi halitoshi.

Sasa bili. Uniti ya umeme Uingereza ni karibu mara nne ya bei ya gesi, na boila nzuri hupoteza kama asilimia 10 hadi 15 tu. Kwa hesabu hiyo pampu inahitaji kutoa wastani wa uniti 3.5 za joto kwa kila uniti ya umeme ndipo ulingane na gesi. Kiwango cha chini cha kupata ruzuku ni 2.8. Kwa hiyo kupita kwenye ruzuku na kupunguza bili ni mambo mawili tofauti, na kwenye karatasi ya makadirio namba ya kutazama ni hiyo ya ufanisi wa mwaka, pamoja na joto la maji lililotumika kuipata. Makadirio yaliyopigwa kwa nyuzi 55 yaombewe upya kwa 45, na gharama ya redieta kubwa iandikwe wazi.

Pampu ikishafungwa, usiiwashe na kuizima kama boila. Iache ijiongoze kwa kihisi cha joto la nje, na kagua saa ya hita ya tangi: mara moja kwa wiki kufikia nyuzi 60 kuua bakteria inatosha, lakini wengine huiacha imewekwa kila siku. Na kama jiko nalo ni la umeme, omba mita ya gesi iondolewe, la sivyo utaendelea kulipia ada ya kila siku ya bomba usilolitumia.